Saa Tatu za Kufika Mwanza

Wiki yangu ya mwisho kaunta, alikuja dada mmoja na simu mkononi. Akanigeuzia kioo. "Mama, hapa wameandika Mbeya hadi Mwanza kwa ndege ni saa moja na kidogo. Nikatie hiyo."

Nikamwambia hiyo ndege haipo. Akaniangalia kama mtu anayefichiwa kitu. Nikamweleza kwamba simu imepima mstari ulionyooka, kilomita mia saba na ushee, ikagawa kwa mwendo wa ndege, basi. Hakuna ndege ya abiria inayopita mstari huo. Utakwenda kwanza Dar es Salaam, utasubiri pale, kisha utarudishwa upande wa ziwa, na mwisho wa yote utakuwa umeruka zaidi ya mara mbili ya hizo kilomita. Nikaanza kumhesabia tangu mlango wa nyumba yake hadi mlango wa kule anakokwenda. Nyuma yangu vijana wa ofisi wakacheka chini chini. "Mama Editha na mlango kwa mlango!" Wamenisikia nikihesabu hivyo tangu walipoajiriwa, na wengine wamejifunza kwangu. Hawajui hesabu hiyo nilianza lini kuifanya bila kukosa. Ninawaandikia wao.

Nilianza kazi Iringa, kwenye ofisi ya chumba kimoja iliyotazamana na duka la vitambaa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina mwandiko mzuri, na ndege nilikuwa nimeziona kwa chini tu. Siku ya kwanza aliingia bwana mmoja mfanyabiashara wa mbao kutoka Mafinga, akauliza Dar ni kilomita ngapi kwa ndege. Nikajibu kwa sauti ya mwanafunzi anayejua: "Mia tano."

"Hizo ni za basi, binti," akasema. "Kwani ndege nayo inateremka mlima wa Kitonga?"

Ofisi nzima ilicheka. Ofisi nzima ilikuwa watu wawili, lakini nilitamani sakafu ifunguke.

Ndege za Iringa zilikuwa za kubahatisha. Leo ipo, wiki ijayo haipo, na sisi tunabaki kufuta vumbi na kuwaambia watu wajaribu basi. Mwishowe ofisi ilifungwa, mimi nikapelekwa Mbeya kwa mwenye kampuni mwenyewe, Mzee Hamadi. Baba yake alitoka Pangani akiwa kijana, akaja kuuza vitambaa nyanda za juu, akaoa hukuhuku. Mzee Hamadi alizaliwa Mbeya, alisema Kisafwa vizuri kuliko Wasafwa wengine, lakini kahawa yake alitaka iwe chungu na kikombe kiwe kidogo. Alinifundisha kazi yote ninayoijua.

Ukutani alikuwa na ramani ya Tanzania iliyopauka upande wa dirisha. Alichukua uzi, akabana ncha moja Mbeya, nyingine Mwanza, akaushusha kwenye rula. "Huu ndio umbali wa ndege," akasema. "Umeuona? Sasa usahau. Mteja hasafiri juu ya uzi." Kisha akanihesabisha kwa sauti, kama mtoto wa darasa la pili: gari kutoka nyumbani, kufika uwanjani mapema, kuruka, kusubiri mizigo, kukaa Dar, ndege ya pili, gari la kumfikisha. Nikimaliza, nikishaanza kujisikia, anauliza, "Na ukungu?" Nahesabu upya.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuitania. Kampuni za ndege zilibadilisha ratiba zao mara kwa mara, na vijitabu vipya vilitujia kwa basi ndani ya bahasha. Siku bahasha inapofika inafunguliwa siku hiyohiyo, na kijitabu cha zamani kinachanwa. Si kuwekwa pembeni. Kinachanwa, mbele yake. "Ratiba ya zamani inafanana mno na mpya," alikuwa anasema. "Ndio ubaya wake."

Siku hizo tiketi tuliziandika kwa mkono, na karatasi ya kaboni katikati. Ukikandamiza kidogo, nakala ya tatu haisomeki. Ukikosea jina la abiria, unaanza tiketi nyingine na Mzee Hamadi anasikika akishusha pumzi. Uwanja ulikuwa ule wa zamani wa mjini, ambako kabla ya ndege kutua mtu alitumwa kutoa mbuzi. Wateja walikuwa na maswali yao. Mama mmoja wa Tukuyu aliomba kiti cha dirishani, akauliza kama dirisha linafunguka, maana yeye hutapika. Nilimwambia halifunguki. Akaenda kupanda basi, na hakukosea.

Baadaye zikaja kompyuta, ukaja na uwanja mpya kule Songwe, mkubwa, wa mbali na mji. Safari ya kwenda uwanjani sasa ilikuwa safari kweli. Malori yakijipanga pale Iyunga, gari letu lilisogea kama linasukumwa kwa mikono, na abiria wanaangalia saa huku wananiangalia mimi. Nilijifunza kuwaambia watoke mapema mpaka wakanichukia. Nilikuwa nimeshazoea kazi. Watu walianza kuniuliza mimi badala ya Mzee Hamadi, naye hakuona wivu. Alifurahi.

Hapo ndipo aliponikuta Maduhu.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, saa sita mchana. Alisimama mlangoni, mwanamume mrefu mwenye kofia mkononi na viatu vyenye tope la mashamba ya mpunga, akangoja mpaka nilipomwambia apite. Alikuwa Msukuma, mfugaji na mkulima. Wazazi wake walibaki Misungwi, karibu na Mwanza, yeye na ng'ombe wake wakahamia bonde la Usangu miaka mingi nyuma, na sasa alikuwa anaishi upande wa Rujewa. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mama yangu anaumwa," akasema. "Mdogo wangu kapiga simu leo asubuhi. Kasema, kaka njoo, anakuita. Mimi ndio mkubwa. Sasa nimekuja kuuliza. Nikienda kwa basi nafika lini, nikienda kwa ndege nafika lini?"

Siku hiyo tulikuwa na wafanyakazi wapya wawili, wasichana waliotoka chuoni, na Mzee Hamadi alikuwa amewaketisha nyuma yangu ili waone kazi inavyofanyika. Nilijua wananiangalia. Nilikaa sawa.

"Basi la Mwanza linaondoka kesho alfajiri, saa kumi na moja na nusu," nikamwambia. Enzi hizo mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha. "Linalala Singida. Jumamosi kama saa sita mchana linapita hapo Misungwi, hata Mwanza mjini huna haja ya kufika."

"Na ndege?"

Nikavuta kijitabu cha ratiba, nikapitisha kidole. Mbeya kwenda Dar, Ijumaa asubuhi. Dar kwenda Mwanza, Ijumaa alasiri. Zilishikana vizuri. "Ndege ni saa tatu tu, baba. Saa moja na nusu mpaka Dar, saa moja na nusu mpaka Mwanza. Ongeza kusubiri na gari la Misungwi. Kesho jioni unakula kwa mama yako."

Akarudia taratibu. "Saa tatu."

"Saa tatu angani. Kesho jioni upo nyumbani."

Uso wake ulifunguka, nikaona alivyokuwa amekaza taya tangu aingie. Mzee Hamadi akawageukia wasichana. "Mmemsikia Editha? Hajamuuzia ndege. Kamuuzia kufika kwa mama yake. Hiyo ndiyo kazi." Na mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikajisikia kama nimeitwa mbele ya shule kupewa zawadi.

Tiketi ya kwanza niliitoa palepale. Ya pili ilikuwa ya kampuni nyingine na laini yao ilikuwa imekatika, kwa hiyo nikamwambia dereva wetu atampelekea uwanjani asubuhi. Akataja namba yake ya simu kwa kichwa, tarakimu mojamoja, nikaiandika kwenye fomu. Nilipompa kalamu asaini, akaomba kidau cha wino. Akabonyeza dole gumba. Akasema amepanga chumba karibu na stendi, akaniombea dua ndefu kwa Kisukuma na Kiswahili kilichochanganyika, akaondoka.

Laini ilirudi saa kumi jioni. Msichana wa Dar akapokea.

"Ijumaa alasiri? Hiyo ndege tumeiondoa tangu Jumapili, dada. Hamjapata ratiba mpya?"

Nikafungua droo yangu. Bahasha ilikuwamo, haijafunguliwa. Ilikuwa imefika Jumatatu. Jumatatu nilikuwa na wateja wengi, Jumanne nikasahau, Jumatano niliiona nikasema kesho.

"Niangalizie ya karibu," nikamwambia.

"Jumamosi asubuhi imejaa. Jumamosi alasiri ninacho kiti kimoja."

Nikasema anishikie. Kisha nikafanya hesabu, na wala haikunichukua dakika. Jumamosi alasiri: Mwanza saa kumi, kutoka uwanjani, kupata gari, Misungwi saa kumi na mbili jioni. Basi la alfajiri: Misungwi saa sita mchana. Basi lingemfikisha saa sita nzima kabla ya ndege. Viti vya basi vilikuwepo, na yeye alikuwa amepanga karibu na stendi, anaweza kutembea kwa miguu. Tiketi yake ya ndege tungeweza kuifuta. Kilichotakiwa ni simu moja. Namba ilikuwa mbele yangu, kwa mwandiko wangu mzuri.

Niliinua simu. Nilibonyeza tarakimu sita. Mzee Hamadi alikuwa anaswali chumba cha nyuma, na wale wasichana wawili walikuwa mezani pao wakipanga mafaili, wananisikia kila neno. Ningesema nini? Baba, nilikosea, nilisoma kijitabu cha zamani ambacho kilipaswa kuwa kimechanwa? Wangesikia wao. Wangemwambia mzee, au mzee angesikia mwenyewe akitoka. Nikarudisha simu mahali pake.

Kisha nikaanza kujiambia mambo. Kwamba wagonjwa wengi huitiwa watoto wao na wakaishi miaka. Kwamba tofauti ni siku moja tu. Kwamba mfugaji wa Rujewa atapata kuliona jiji la Dar usiku mmoja, atasimulia. Hili la mwisho nililifikiri kweli. Sitawaficha.

Nikatoa tiketi ya Jumamosi, nikaitia ndani ya bahasha, nikaifunga kwa gundi. Ijumaa asubuhi dereva akaipeleka Songwe akamkabidhi mwenyewe mkononi. Nilijua hasomi. Nilikuwa nimeona dole gumba lake.

Jumatatu Mzee Hamadi alipitia nakala za wiki iliyopita, kama kawaida yake, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Akasimama kwenye moja.

"Huyu wa Misungwi ulimwambia Ijumaa jioni. Hapa ni Jumamosi."

"Waliiondoa ndege," nikasema. "Nimejua baadaye."

"Ulimwambia?"

"Nilimpigia. Hakupokea."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Aliniangalia juu ya miwani. Wale wasichana walikuwepo, na mmoja wao aliinamisha kichwa kwenye faili. "Haya," mzee akasema, akageuza ukurasa.

Ilipita miezi miwili. Maduhu akarudi, nywele zake zikiwa fupi, zinaanza kuota baada ya kunyolewa. Mkononi alikuwa na mfuko wa mchele wa kilo kama ishirini. Akauweka juu ya kaunta yangu, akanisalimu kwa mikono miwili.

"Nimekuja kukushukuru, mama."

Nikavuta kiti, akakaa palepale alipokaa mara ya kwanza, ukingoni.

"Mama alifariki Jumamosi, saa tisa mchana," akasema. "Mimi nilifika saa kumi na mbili. Walikuwa wameshamlaza. Dada yangu aliniambia tangu asubuhi alikuwa anauliza, Maduhu amefika? Wanamwambia yuko njiani. Akisikia gari anainua kichwa."

"Pole sana, baba."

"Nilikosea mimi. Pale Dar niliwaonyesha karatasi, binti wa pale akasema, mzee, hii ni ya kesho, imeandikwa hapa Jumamosi, hukusoma? Watu wakageuka kuniangalia. Nikakumbuka wewe uliniambia saa tatu. Mimi nikasikia saa tatu za kwenda, kumbe labda ulikuwa unasema kitu kingine cha kwenye karatasi. Mtu asiyesoma anasikia anachotaka. Nikalala pale kwenye viti. Nilitaka uje ujue kwamba sikukulaumu. Wewe ulinipokea vizuri. Sisi tukiingia kwenye ofisi, wengine wanatuangalia viatu."

Hapo ndipo pa kusema. Wadogo zangu, nimerudi kwenye dakika ile mara nyingi sana, na kila mara najikuta nimekaa tu. Ilikuwa rahisi kuliko siku ya simu, maana mtu alikuwa mbele yangu na mlango ulikuwa wazi. Nilisema, "Ni mipango ya Mungu, baba." Nikaupokea mchele. Nikasema asante.

Mzee Hamadi alikuwa mezani kwake muda wote. Alisimama akampa Maduhu mkono, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi hakuniangalia.

"Mchele huo usilale ofisini kwangu," akasema.

Hakuniambia neno jingine kuhusu jambo hilo mpaka anakufa. Hakunifukuza, hakunitoa kaunta, aliendelea kuninunulia vitumbua Ijumaa kama zamani. Lakini hakuwahi tena kuwaambia wafanyakazi wapya wanisikilize mimi. Mchele niliupeleka nyumbani. Watoto walisema wali wake unanukia vizuri. Mimi nilisema tumbo linaniuma.

Baada ya pale nikawa mtu wa mlango kwa mlango. Nilifungua kila bahasha ikiwa bado ina vumbi la basi. Niliwapigia watu simu kuhusu mabadiliko ya dakika kumi na tano. Kuna wateja walioniambia mimi ni mwaminifu kuliko wote mjini, na mmoja alinitaja kwenye redio. Ninyi mlilelewa na huyo Editha. Nilikuwa nawafundisha kupiga simu mara tatu, na mtu asipopokea, kumfuata alipo. Hamkuwahi kuniuliza nilijifunza kwa nani, na mimi nilishukuru kwamba hamkuuliza.

Mzee Hamadi alipofariki nilikaa na wanawake uani, nikalia kuliko binti zake. Waliona ni mapenzi. Mapenzi yalikuwepo. Lakini nilikuwa nalia pia kwa sababu mtu pekee aliyejua alikuwa amekwenda, na kipande fulani cha moyo wangu kilipumua. Kulia kwangu kulikuwa na kipande hicho ndani yake.

Nilipostaafu, mlinipa kitenge na saa ya ukutani, na mwenzenu mmoja akasoma hotuba kwamba kwa miaka yote sikuwahi kumpoteza abiria. Mlipiga makofi. Wiki iliyofuata nilikuwa nikipakua maboksi yangu nyumbani, nikaikuta fomu yenye alama ya dole gumba. Niliichukua ofisini zamani ili asiione mtu. Nilipiga ile namba nikiwa na hakika haitapatikana.

"Maduhu hapa," sauti ikasema.

Nilijitambulisha. Akacheka kwa furaha. "Mama wa tiketi! Bado upo? Karibu Rujewa."

Nilishuka Igawa, nikapanda bodaboda. Mpunga ulikuwa umeiva pande zote mbili za barabara, na upepo ulikuwa na vumbi la mashine za kukoboa. Nyumba yake ilikuwa kubwa, ya matofali ya kuchoma, zizi nyuma. Alikuwa amezeeka, amekonda shingo, lakini alitembea wima. Mke wake aliniletea maziwa ya mgando kwenye kikombe kikubwa, akakaa nasi. Nilikiweka chini bila kunywa. Nilijua nikinywa nitaanza kupiga soga.

"Baba," nikasema, "nimekuja na jambo la mama yako."

Nikamweleza. Bahasha ya droo. Saa kumi jioni. Tarakimu sita. Tiketi niliyoifunga kwa gundi nikijua hasomi. Nilimwambia hata lile la kuliona jiji la Dar. Mke wake aliacha kupepeta alichokuwa anapepeta. Maduhu alisikiliza akiwa ameangalia chini, kiganja juu ya goti.

"Ulijua jioni ile ile," akasema.

"Nilijua."

"Na basi lilikuwa na nafasi."

"Lilikuwa nayo."

"Lingenishusha saa sita."

"Saa sita. Labda saa saba."

Alihesabu kwa vidole, bila haraka. Saba, nane, tisa. Akavitazama vile vidole.

"Miaka hii yote," akasema, "nimewaambia wanangu kwamba baba yao alimkosa mama yake kwa ujinga. Nimelisema kwa mdomo wangu. Kila nilipouza ng'ombe kwa ajili ya shule, nililisema. Kila mmoja alipotaka kuacha masomo, nilimketisha nikamwambia, mimi sikusoma, ndio maana bibi yako aliinua kichwa akaangalia mlango mtupu. Walikuwa wanalia. Na mimi mwenyewe nilikwenda kwenye darasa la watu wazima nikiwa na mvi, nikakaa kwenye dawati la watoto. Sasa hilo neno nitalifanyaje? Nikifa watabaki nalo."

"Nisamehe, baba."

"Sijafika huko," akasema. Hakuipandisha sauti. Akatoa simu mfukoni. "Wao wako watatu. Utawaambia wewe."

Akapiga, akaweka sauti ya juu, akaishika katikati yetu. Wa kwanza alikuwa Kulwa, muuguzi Iringa. "Kulwa, kuna mama hapa ana neno. Msikilize mpaka mwisho." Nikasema jina langu, nikasema nilikuwa nakata tiketi Mbeya, nikasema nilichofanya. Kulwa hakunikatiza. Mwishoni aliuliza, "Baba yuko sawa?" Baba akajibu kwa Kisukuma, neno fupi.

Wa pili alikuwa pacha wake, Doto, ambaye ana duka la dawa za mifugo Chunya. Nilipofika kwenye ile bahasha, akanikatiza. "Mama, wewe una watoto?" Nikasema ninao. "Wanajua?" Nikasema hawajui. "Basi ukitoka hapo waambie na wao," akasema, akakata.

Nilidhani mara ya tatu ingekuwa nyepesi, kwamba maneno yangekuwa yamelainika. Yalikuwa magumu zaidi, maana sasa niliyajua yanapokwenda. Wa mwisho alikuwa Shija, mwalimu wa shule ya msingi, na nyuma yake nilisikia watoto wakicheza. Nilimaliza.

"Mpe baba," akasema.

Maduhu akazima sauti ya juu, akaiweka simu sikioni, akageuka upande. Sikusikia mwanawe alichosema. Nilimwona yeye tu, anaitikia, anaitikia, kisha akafunika macho kwa mkono na mabega yakaanza kutikisika. Mke wake akainuka akaenda kusimama karibu naye. Mimi nilikuwa mgeni, sikujua niangalie wapi. Niliangalia maziwa.

Alipomaliza alijifuta uso kwa kofia. "Magari ya Mbeya yanaisha mapema," akasema.

Nikasimama. Akasimama na yeye, na kwa desturi ya watu wetu wote nilijua sasa mwenyeji atanisindikiza, angalau hadi njiani. Nikamngoja. Akachukua fimbo yake ukutani, akapita nyuma ya nyumba kwenda kwa ng'ombe. Mke wake alibaki mlangoni bila kunipa mkono.

Nikatembea peke yangu mpaka barabarani.